Jino la Baba

Raya,

Saa hizi uko Sur kwa shangazi yako Zuwena, unaaga, na namjua, hakuachii uinuke mpaka umekula ukashindwa kupumua. Mjomba wako Hemed amenipigia, anasema mtarudi baada ya isha. Kwa hiyo nimepata nafasi. Ukiwa humu ndani siwezi kusema kitu cha maana. Nikifungua mdomo natoka na soksi, natoka na pasipoti, natoka na "hebu kula basi," nawe unajibu "haya mama," na yale niliyoyakusudia yanabaki kooni.

Basi mambo ya soksi nayaacha. Shangazi yako atakueleza namna ya kuswali safarini, Hemed atakwambia usimwamini mtu uwanja wa ndege, kila mmoja na kazi yake. Mimi barua yangu haina maagizo. Nimeiandika Kiswahili kwa sababu Kiarabu changu cha kuandika ni kile cha dirishani kliniki: jina la mgonjwa, jina la baba, kaa usubiri. Neno likikushinda usiiulize simu yako, itakudanganya. Niulize mimi.

Kwanza nikwambie linaloniuma. Kesho baada ya alasiri Hemed atakupakia garini mshike njia ya Maskati, na mimi sitokuwemo. Niko eda, siku za mjane za kukaa ndani. Jirani alisema ningeweza kutoka kwa dharura, lakini kumsindikiza mtoto si dharura, ni hamu tu, na babako nataka nimkalie siku zake zote bila ya kudokoa hata moja. Watoto wangapi wa ukoo huu nimewasindikiza mimi, nimewashikia mabegi, nimewalilia mpaka askari wa pale mlangoni akanijua sura? Leo zamu yangu imefika, mtoto wangu wa pekee, nakuagia ukumbini. Wallahi inaniuma, Raya. Sikwambii ili ukae. Nakwambia ili ujue kwamba mtu atakayekuwa hayupo kule uwanjani, kwa moyo yupo.

Sasa nije kwenye lile lililonikalisha hapa.

Juzi mwalimu wako wa piano alinipigia. Unakijua Kiarabu chake masikini, tulichukua muda kuelewana. Anasema wale walimu wa chuo cha muziki huko unakokwenda watakusikiliza wiki ya kwanza, na hao ndio watakaoamua wakubakishe au wakurudishe. Ulikuwa uwapigie ile sonata yako ya mchezo. Sasa umebadilisha, unataka kuwapigia ile nyingine, ya polepole, ya huzuni. Nikamwambia si vibaya, mtoto kafiwa. Akasema, "Ile ya polepole anaipiga vizuri. Wengi wanaipiga vizuri. Ile ya mchezo akiipiga Raya, mimi nacheka peke yangu chumbani." Anaogopa ukiiacha watakuona msichana kama wengine, wakakushukuru, wakakurudisha. Alikuuliza sababu, ukamjibu "khalas, basi, sitaki hii kitu."

Mwalimu hajui sababu. Mimi naijua. Sababu ni mimi, na ndiyo maana nimekaa na kalamu tangu adhuhuri, chai imepoa, na nimeshachana karatasi mbili.

Unakumbuka kile kinanda kilivyoingia nyumbani? Ulikuwa huna meno ya mbele. Babako alikuwa akiendesha wageni kule kwenye kambi za Al Mintirib, anawapandisha kwenye matuta ya mchanga, wanapiga mayowe, anawateremsha, wanataka tena. Mwenye kambi akabadilisha ukumbi wake, akasema kinanda cha umeme kitupwe, kimeingia mchanga. Babako akakifunga shuka, akakipakia nyuma ya pikapu. Mimi natoka kazini miguu inaniwaka moto, nafungua mlango, sebuleni kwangu limekaa dude. Nikamuuliza, "Seif, hii nini?" Akasema, "Mgeni." Nikamwambia mgeni huyu halali hapa. Akalala, na mwaka huo, na mwaka uliofuata.

Fundi wa Maskati alikifungua akakipuliza, mchanga uliotoka ulijaza kikombe cha kahawa. Vile vibao vyake, vyeupe na vyeusi, babako aliviita meno, kwa sababu yako tu, maana yako yalikuwa yanang'oka na wewe ulikuwa ukilia kila moja likianguka. Meno yote yakalia. Lilibaki moja, jeupe, kule juu kabisa upande wa kulia. Ukilibonyeza linazama vizuri, sauti hakuna. Fundi akasema kipuri chake hakipatikani tena. Babako akasema, "Khalas. Hilo langu mimi." Tukacheka, tukadhani anapiga porojo zake.

Miaka ikapita, ukakua, Jumamosi zote anakupeleka Maskati kwa mwalimu, anakusubiri ndani ya gari amelaza kiti, kofia usoni. Siku moja mkarudi na sonata. Alikuwa na furaha kuliko wewe. Alinieleza jikoni, mimi nimeshika mwiko, naye ananipigia mikono hewani. Eti ni muziki wa zamani sana, wa zama wanazoziita baroko, na haukutungiwa piano kama hizi za leo. Ulitungiwa kinanda cha nyuzi, ambacho ukigusa jino, ndani yake kuna kikucha kinadonoa uzi. Sauti haikai. Umeigusa, imelia, imekwenda. Kwa hiyo aliyeutunga, akasema babako, hawezi kukaa mahali pamoja akajililia, inabidi akimbie.

Mimi sikuipenda. Nakwambia kweli sasa, si unakwenda zako. Nilikuwa nashinda na kelele za watu dirishani, narudi nyumbani nataka kimya, nakuta kitu kinakimbizana. Mkono wako wa kulia unaanza peke yake, unasema jambo dogo la uchokozi, wa kushoto unalirudia kwa kumdhihaki. Halafu mikono yote mbio. Mara unayabonyeza meno mengi kwa mpigo, sauti zinagombana, mimi nashtuka, nasema Raya umekosea, nawe hata hugeuki: "Mama, ndivyo ilivyo." Mara katikati ya mbio unasimama. Kimya kabisa. Nashukuru, nasema imekwisha. Kumbe wapi, inaanza tena mahali pengine, kwa sauti nyingine, kama si yeye aliyesimama!

Kile kimya babako alikipenda kupita kiasi. Alisema pale mtunzi amefika juu ya tuta. Unapopanda mchanga na gari, ukifika kileleni huoni mbele, pua ya gari iko mbinguni, wageni wote wananyamaza. Dereva mjinga anapita tu. Yeye alikuwa anasimamisha pale juu, anawaacha wausikie moyo, ndipo anaachia. "Huyu mtu alikuwa dereva," akasema. Mpaka leo sijui kama alikuwa anatania.

Na kila nusu inarudiwa! Hilo ndilo lilikuwa linanimaliza. Nilikuuliza kwa nini isiseme mara moja ikaondoka. Ukanijibu, mara ya pili siyo ileile, Mama, mara ya pili mtu anajua kinachokuja. Ulikuwa na miaka kumi na nne ukanijibu hivyo, na mimi nikakwambia nenda kaoshe vyombo.

Halafu kuna pale. Unajua pale napopasema. Mkono wa kulia unakimbia kati, na wa kushoto, ambao kwao ni chini, unaruka juu ya mwenzake, unakwenda kugusa jino moja la mbali kabisa kule juu, unarudi kwao mbio kabla haujakamatwa. Na jino lenyewe ndilo lile bovu. Siku ya kwanza uliruka, ukaligusa, likazama kimya, ukakunja uso. Na kutoka kwenye kiti chake, babako, jitu zima lenye masharubu, likasema kwa kisauti chembamba, "Ti!"

Ulianguka na kiti kwa kucheka. Hata mimi, jikoni, nilicheka nikiwa na hasira.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Ukipiga, yeye yuko kitini, jino lake analisema mwenyewe. Wala hakuwa anapatia. Unamgombeza, "Baba, juu zaidi!" anapanda zaidi, inatoka sauti ya kuku. Na ile mara ya pili, nusu inaporudiwa, ndipo alipokuwa anakuonea. Mkono unaruka, unagusa, yeye kimya. Unageuka kumtazama. Anajifanya anasoma gazeti. Umeshakata tamaa, unataka kuendelea, ndipo anaisema, imechelewa, na wewe unapotea njia. Mimi nawapigia kelele punguzeni sauti, watu tumechoka. Naye ananijibu kwa maneno yangu mwenyewe ya dirishani: "Mama Raya, kaa usubiri, utaitwa jina lako."

Miaka yote ile nilikuwa nasema punguzeni sauti. Ningejua, ningekaa.

Alipougua akapelekwa Maskati, mimi nikakaa naye wodini, wewe ukabaki nyumbani Ibra kwa ajili ya mitihani ya skuli. Ukawa unapiga simu kila baada ya alasiri, unaiweka juu ya kinanda, mimi naiweka yangu kwenye mto, karibu na sikio lake. Wauguzi wa pale walishaijua ile sonata. Mmoja wao alikuwa anakuja kusimama mlangoni na vidonge mkononi, anangoja ile "ti" ndipo aingie.

Wodini ndipo nilipoisikia kwa mara ya kwanza. Nyumbani nilikuwa naiona kelele. Kule sina jiko, sina kazi, nimeshika mguu wake, nasikiliza. Nikagundua kwamba katikati ya nusu ya pili kuna mahali inaacha mchezo. Haisimami, mbio ni zilezile, lakini giza linaingia kidogo, kama mtu anayecheka na wenzake akakumbuka jambo. Inakaa humo muda mfupi tu. Halafu inatoka, na inatoka kwa kucheza, mkono unaruka palepale. Nilikuwa nadhani aliyeitunga alikuwa mtu asiye na shida duniani. Wapi! Alikuwa anaijua vizuri sana, na aliiweka ndani. Kila ilipofika pale kwenye giza babako alifumba macho, na ikitoka akayafumbua.

Ile siku ya mwisho uliyopiga, nusu ya kwanza alikujibu. Sauti ndogo, lakini alikujibu mwenyewe. Ilipojirudia akachelewa, ukacheka kule, tukakusikia. Ikaja nusu ya pili, ikaingia gizani, akafumba macho, ikatoka, akayafumbua. Mkono wako ukaruka.

Raya, sasa soma polepole.

Babako alikuwa anajua kwamba zamu yake imefika. Kidole chake kilinyanyuka kutoka kwenye shuka, hiki cha shahada, kikasimama. Mdomo ukafunguka. Sauti haikutoka. Wewe kule umesimama, unadhani anakuonea kama kawaida yake, unangoja. Simu kimya. Alinitazama. Nimekaa na mwanamme yule tangu nikiwa msichana, nayajua macho yake ya kuomba maji, na ya kuomba dawa, na ya kuomba nimsamehe. Hayo yalikuwa mengine. Nikainama kwenye simu, nikabana koo, nikasema, "Ti."

Ile ya mwisho ilikuwa mimi.

Ukacheka. Ukasema, "Baba umechelewa!" ukaendelea mpaka mwisho, mbio, vizuri, hukukosea hata mahali pamoja. Naye alicheka. Sauti haikuwepo, lakini mabega yalitikisika na macho yalitoka machozi ya kucheka, mimi nilimfuta. Hakufika Ijumaa.

Kwenye azaa, watu wamekuja kutupa pole, nilikusikia unawasimulia wanawake, "Baba alikuwa ananijibu mpaka siku ya mwisho." Wakalia wote. Ningesemaje? Na si uongo, kidole kilinyanyuka, nimekiona mimi kwa macho yangu. Lakini nilijua nimekuficha kitu, na kila ulipolisema tena kilizidi kunikaa kifuani.

Siku ile uliyokaa kwenye kinanda, watu wameshaondoka, masinia ya azaa bado yamepangwa ukumbini, ulizima sauti yake kabisa ili usiwatie watu maneno. Mimi nilikuwa chumbani nimelala sina usingizi. Nikasikia vidole tu kwenye meno, tak tak tak, hamna muziki. Nikaijua. Nilijua umefika wapi, nikaujua uchokozi wa mwanzo, nikakijua kimya cha juu ya tuta. Ikaingia gizani, ikatoka. Ukafika pale. Tak, halafu hakuna.

Na mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

Nilitishika. Ningeitoa sauti ile, ungeijua. Ungejua palepale ni nani aliyekujibu simu. Badala yake nikatoka chumbani kama mwenda wazimu, nikakusimamia, nikakwambia, "Babako udongo haujakauka nawe umekaa kwenye mchezo! Huna hata haya?" Ukafunga kifuniko. Afadhali ungenijibu. Siku ya pili nikamwambia Hemed akitie kinanda stoo, nyuma ya magunia ya mchele, na wewe ukakitazama kinavyotoka. Tangu siku ile hujagusa, isipokuwa kwa mwalimu, na kwa mwalimu unapiga ile ya polepole.

Watu wakiniuliza, nilikuwa nasema ni kwa ajili ya msiba, watu watatuonaje. Hasa nilimwogopa shangazi yako, dada mtu, nikasema Bi Zuwena akisikia muziki kwenye nyumba ya ndugu yake atanikata jicho mpaka naingia kaburini. Unajua alichoniambia wiki iliyopita? "Mbona nyumba yako imenyamaza hivyo, Mama Raya? Kile kinanda cha ndugu yangu mmekipeleka wapi? Mimi nikipiga simu huwa nakingoja." Nilikosa pa kuuweka uso.

Yale maneno niliyokutupia nataka ujue yametoka wapi. Si kwamba najitetea. Mamangu alifariki kwetu Manah, mimi nikiwa mdogo kuliko wewe ulivyokuwa ulipoletewa sonata. Siku ya pili ya msiba niliona watoto wenzangu wamekaa nyuma ya nyumba wanacheza mdako. Mimi nilikuwa bingwa wa mdako. Jiwe moja unalirusha juu, unayazoa ya chini, unalidaka kabla halijaanguka. Nikakaa nao. Nakumbuka mikono yangu ilivyofurahi, Raya, moyo umekufa lakini mikono imefurahi, na kwa muda ule mdogo jiwe likiwa juu nilikuwa siwazi kitu. Mwanamke mmoja wa kwetu akanishika kwa sikio akaninyanyua. "Huna mama nawe umekaa kwenye mchezo? Huna hata haya?" Kofi likafuata. Mawe yangu niliyatia kwenye kopo, kopo nikalitia chini ya kitanda, na sikucheza tena. Nikajifunza kwamba huzuni ni kitu cha kuwaonyesha watu, na ukionekana mikono yako inafurahi, basi hukumpenda aliyekufa.

Nikakaa na somo hilo umri wangu wote. Nikaja kukupa wewe yaleyale, neno kwa neno, bila kofi tu. Nisamehe, mwanangu. Hiki ndicho nilichokuwa nakitaka kusema tangu nilipoanza na habari za soksi.

Sikulazimishi uwapigie ipi. Ukitaka ile ya polepole, ipige, ni nzuri, na mimi huwa nalia nikiisikia. Lakini usiipige kwa sababu yangu. Ile ya mchezo si kumkosea babako adabu. Humo ndani mna giza lake na mna kucheka kwake, na alipokuwa hana hata sauti ya kuomba maji, aliitaka ile, hakuitaka ya polepole.

Liko jambo moja linanitisha kwa ajili yako. Huko unakokwenda piano zao ni nzima. Utaruka, utagusa, na jino litalia lenyewe, hakuna wa kulisemea. Naogopa mkono utashtuka mbele ya wale walimu. Nimelifikiria sana hilo kuliko baridi na kuliko chakula. Dawa yake siijui. Labda ucheke tu, kama ulivyokuwa unacheka, wao wataona ni sehemu ya muziki.

Lakini kesho bado uko kwangu. Leo asubuhi, ulipoondoka tu na mjomba wako, niliingia stoo. Nimeyasukuma magunia mwenyewe, nimekiburura kinanda mwenyewe mpaka sebuleni, kiuno hiki nakwambia hakitonisamehe. Nimekifuta. Nimekiweka palepale pake, karibu na kiti chake. Nimechomeka waya. Nimelijaribu lile jino, bado bovu, na sijui kwa nini nilifurahi.

Kesho tukishaswali adhuhuri, kabla watu hawajaanza kuja kukuaga, kaa upige. Tia sauti juu, majirani wasikie, atakayesema na aseme. Rudia kila nusu, usinipunjie. Mimi nitakuwa chumbani kwangu, mlango wazi, sitoki kwa sababu nikikuona nitalia nikuharibie. Na ukifika pale, ruka tu uguse, usigeuke kutazama kiti.

Nitasema mimi.

Mamako